Pua ya Mama Mkwe

Mafua yaliyoniondolea pua yalinikuta Mwakitolyo, nikiwa nimeinama juu ya mota ya kuvuta maji pembeni ya shimo la dhahabu. Kazi yangu ndiyo hiyo hadi leo: mashimo yakijaa maji wachimbaji huniita, nami huenda na mfuko wangu wa spana. Safari ile nilirudi nyumbani Kahama na homa, nikalala, nikapona, lakini harufu hazikurudi. Sikunusa sabuni, sikunusa dizeli, sikunusa hata samaki anayekaangwa mbele ya macho yangu. Daktari alinimulika puani kwa tochi ndogo akasema kwamba kwa wengine hurudi baada ya muda, na kwa wengine hazirudi kabisa. Mimi nimekuwa wa hao wasiorudiwa.

Mke wangu aliipokea hali hiyo kama mtu aliyeongezewa kazi nyumbani na akaipenda. Asubuhi alilichukua shati langu, akalisogeza puani, akasema, "Hili vaa," au, "Hili hapana, baba, watu watakukimbia." Maziwa aliyanusa yeye kabla sijamimina kikombeni. Nikirudi kutoka machimboni alinisimamisha mlangoni, akanizunguka mara moja, akanionyesha bafu lilipo kana kwamba mimi ni mgeni. Jambo hilo tulilifanya siri yetu wawili. Fundi wa mota asiyejua kwamba waya unaungua mpaka auone moshi ni fundi wa kutaniwa, na mimi sikutaka utani ule ufike machimboni. Yeye alinitunzia siri hiyo vizuri mno, hata mama yake mzazi hakumwambia. Na hapo ndipo kisa chenyewe kilipoanzia.

Alipopata mimba, moshi wa mkaa ukawa adui yake. Akiwasha jiko anatapika, akikaa mbali na jiko mimi ndiye ninayeunguza ugali. Tukakubaliana kununua jiko la gesi. Tulikwenda kwenye duka moja mjini, la mzee wa Kihindi ambaye babu yake alikuja huku enzi za kununua pamba. Yeye amezaliwa hapa hapa, na Kisukuma anakizungumza vizuri kuliko mimi, kwa sababu mimi ni Msumbwa. Akatutolea mtungi, jiko la plati mbili, mpira na kichwa cha mtungi, kisha akatukalisha kwenye viti kama wanafunzi.

"Gesi yenyewe haina harufu," alisema. "Harufu mbaya unayoisikia wameitia makusudi, ili gesi ikitoroka ikuite. Wengine husema inanuka yai bovu, wengine kitunguu kilichooza. Ikikuita, wewe itikia ukiwa nje. Funga koki ya mtungi kama unaifikia, acha milango wazi, toka. Usiwashe taa, usizime taa, usipige simu ukiwa ndani. Na kiberiti usikiguse hata kwa mawazo. Ukitaka kujua inapovujia, unapaka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likivimba vimba, ni hapo."

Mke wangu alinigusa kwa kiwiko. Nikauliza, kama mtu anayemuulizia rafiki yake, "Na mtu asiyesikia harufu, mzee, atafanyaje?"

Akacheka. "Asiyesikia harufu aoe anayesikia."

Mke wangu alicheka mpaka akalazimika kushika tumbo, na mzee akaogopa kwamba uchungu umeanza mapema.

Siku ya kwanza ya kuliwasha, mke wangu alilizima hapo hapo akanivuta uani. "Linanuka," alisema. "Kama rangi inayoungua, kama plastiki." Nikamwambia turudi dukani tukaulize kuliko kubahatisha. Mzee akamhoji pole pole: harufu inakuja jiko likiwa limewaka au likiwa limezimwa? Likiwa limewaka. Inafanana na yai bovu? Haifanani. Basi, akasema, hayo ni mafuta ya kiwandani yaliyopakwa chuma kisishike kutu. Fungueni madirisha, liacheni liwake kidogo bila sufuria, yataungua yaishe. Yakaisha. Nilimpenda mzee yule kwa namna alivyouliza maswali kabla ya kujibu. Ndivyo na mimi ninavyoifanya mota: siifungui mpaka mwenyewe aniambie ilikuwa inalia vipi kabla haijafa.

Mtoto wetu wa kike alizaliwa salama, na mama mkwe akaja kutoka kijijini kwao, upande wa Shinyanga Vijijini, kumtunza binti yake. Alishuka kwenye gari akiwa na mfuko wa michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, kibuyu cha mtindi na kuku aliyefungwa miguu. Nilichuchumaa mbali nikiwa nimeangalia chini. "Shikamoo, mayu," nilisema, yaani mama kwa Kisukuma. Akajibu, "Marahaba," akiwa amenigeuzia bega, na salamu zetu zikaishia hapo.

Kwa msomaji asiyezijua mila hizo, niseme tu kwamba kwao Wasukuma wa zamani mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na kwa wanaoshika sana hawatajani hata majina. Si chuki, ni heshima iliyozidi. Kwetu mambo hayo yalikuwa yamelegea, lakini mama mkwe wangu hakulegeza kitu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye hatua za haraka. Nikikohoa sebuleni, yeye alitoka kwa mlango wa uani. Nikiingia uani, yeye alijifunika kanga kichwani akatazama ukuta. Nyumba yetu ya Nyasubi ni vyumba viwili, sebule na jiko, kwa hiyo tulikuwa tunazungukana kutwa nzima kama watu wanaocheza kibe na kujificha.

Alipokuwa na neno la kuniambia, alimwambia mtoto. Alimpakata mlangoni, sauti ikiwa ya kutosha kufika nilipo, akasema, "Mjukuu wangu, mwambie baba yako bati la choo linapiga kelele upepo ukija." Nami nilimjibu mtoto kwa sauti hiyo hiyo: "Mwanangu, mwambie bibi nitapanda kesho." Mtoto, ambaye alikuwa hajaweza hata kushikilia shingo yake, alibeba ujumbe mwingi sana miezi ile. Mke wangu alikuwa katikati yetu anajiumauma midomo asicheke.

Gesi mama mkwe hakuitaka. Aliiita moto usio na kuni. Alipanga mafiga matatu uani chini ya kibanda cha mabati, akapika ugali wake huko. Asubuhi, mke wangu alipokoroga uji kwenye gesi, yeye alisimama nje ya mlango wa jiko akiwa amekunja pua.

Haukupita muda akaanza. "Mjukuu wangu, waambie wazazi wako jikoni kunanuka."

Mke wangu alinusa, akasema kweli kuna kitu. Mimi, bila shaka, sikunusa kitu. Nilichukua bakuli la povu la sabuni, nikapaka pale kichwa kinapokaa juu ya mtungi, nikapaka mpira unapoingia kwenye jiko, nikakaza macho. Povu lilitulia kama lililopakwa ukutani. Tukasogeza gunia la unga, na nyuma yake tukamkuta panya amekufa siku nyingi. Mke wangu alimtoa kwa koleo huku anaimba kwa kicheko, tukaosha sakafu kwa dawa, harufu ikaisha. Kuanzia siku ile mimi na mke wangu tukawa tunatania chumbani kwamba mama anawinda panya kwa pua.

Kisha akarudia. "Mjukuu wangu, siyo panya safari hii. Mzoga naujua. Hii ni kitunguu kilichooza."

Nikapaka povu tena. Hakuna. Nilipopita dukani, mzee alisema mtungi ukikaribia kwisha harufu huzidi kidogo, lakini akaniinulia kidole: "Usijifariji na hilo. Mtungi mpya ukija na harufu bado ipo, niite." Mtungi ulikuwa mwepesi kweli. Tulipobadilisha, mke wangu alinusa akasema hasikii kitu. Mama mkwe alichukua kigoda chake, akakihamishia karibu na mlango wa jiko upande wa nje, akawa anafanyia kazi zake pale. Nilidhani amefuata kivuli.

Asubuhi moja mke wangu alikwenda na mtoto kliniki. Mimi nilikuwa nimerudi alfajiri kutoka machimboni, nimelala. Nilipoamka jua lilikuwa limepanda, na upepo wenye vumbi ulikuwa unapiga. Kumbe kabla hajaondoka mke wangu alikuwa ameshapika uji, akafuta meza, akalisukuma jiko mpaka likagusa ukuta, akafunga madirisha na milango kwa ajili ya vumbi. Swichi za jiko alizifunga. Koki ya mtungi, ambayo siku zote huifunga, siku hiyo aliisahau kwa sababu mtoto alikuwa analia na gari la kliniki ni la kuwahi.

Nikaingia jikoni kutafuta chai. Niliona kila kitu kiko mahali pake. Nikajaza maji kwenye birika, nikaliweka juu ya plati, nikachukua kiberiti dirishani. Ng'ambo ya ukuta wa jirani mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, hata mawazo yako mwenyewe huyasikii.

Mambo yaliyotokea nje nimeyajua baadaye kutoka kinywani mwa mama mkwe. Alikuwa kwenye kigoda chake, anachambua majani ya kunde aliyoyaanika. Gesi hii ya kupikia ni nzito, hutambaa chini kama maji, na ilikuwa inatoka chini ya mlango na kumfikia miguuni. Akanyanyuka, akachungulia dirishani, akaniona nina kiberiti mkononi. Na mtoto hakuwepo. Hakuwa na mtu wa kumpa ujumbe. Alizunguka huku na huku, akamwona kuku wake.

"Wewe kuku!" alipiga kelele. "Mwambie huyo mtu asiwashe!"

Sikusikia. Mashine ilikuwa inanguruma. Nilikuwa nimeshatoa njiti.

Mlango wa uani ukafunguka kwa kishindo. Nikageuka, nikamwona mama mkwe wangu ananijia uso kwa uso, kanga imemwanguka kichwani, macho yake ndani ya yangu kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Alinidaka mkono wa kiberiti kwa kiganja kilicholima mpunga maisha yake yote, na sikuweza kukunjua hata kidole.

"Toka!" alisema. "Toka nje, mwanangu, toka!"

Alinivuta kama mtu anayevuta ndama. Mtungi ulikuwa pale pale nyuma ya mlango. Wakati napitishwa mkono wangu wa pili ukaukuta, nikaizungusha koki mpaka ikagoma. Sijui akili ile niliitoa wapi. Labda ni mazoea ya machimboni, ambako kitu cha kwanza unachofanya jambo likiharibika ni kukata kinachoingia. Tukatokea uani. Alininyang'anya kiberiti akakitupa mbali, kikaangukia kwenye mahindi ya jirani.

Tulisimama tunahema. Mlango wa jiko tuliuacha wazi kabisa. Mafiga yake chini ya kibanda, namshukuru Mungu, hakuwa ameyawasha. Nikazunguka nyumba kwa nje, nikausukuma mlango wa mbele ambao ulikuwa umerudishwa tu, upepo ukapita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hapo nikakumbuka jirani. Mama wa mapacha hukaanga maandazi barazani kwake, hatua chache kutoka jikoni kwetu. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe alikuwa ameshafika kwenye uzio.

"Mama Mapacha! Ipua mafuta! Zima mkaa! Gesi!"

Mama wa mapacha hakuuliza. Aliipua karai, akaumwagia mkaa maji, akaja mbio huku anajifuta mikono. "Niingie niwashe feni iondoe hiyo hewa?" alitaka kujua, na tayari alikuwa anaelekea mlangoni.

"Usiguse swichi!" tulisema wote wawili kwa pamoja, mimi na mama mkwe. Nikashangaa. Yale maneno ya dukani mke wangu alikuwa amemfundisha, na yeye alikuwa ameyashika neno kwa neno, ingawa gesi yenyewe hakuitaka.

Simu yangu ilikuwa ndani, inachajiwa sebuleni. Niliiacha huko huko. Mama wa mapacha alikwenda na yake mpaka barabarani, akampigia mzee wa duka, maana naye hununua kwake. Kisha akabaki kule barabarani kuwazuia watu wanaopita na sigara, kazi aliyoifanya kwa furaha kubwa na sauti kubwa zaidi.

Kwa hiyo tukabaki wawili uani, na mashine ya kusaga ilikuwa imeshazimwa. Yeye alikuwa ameokota kanga yake, akajifunika, akakaa kwenye kigoda akiwa amenigeuzia mgongo. Mimi nilikaa juu ya ndoo upande wa pili. Nilidhani ni hofu ya moto iliyomkalisha hivyo. Haikuwa hiyo.

"Nimekushika mkono," alisema hatimaye, akiuambia ukuta.

"Umeniokoa, mayu."

"Nimekushika mkono, na nimekuangalia usoni." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa na hasira ya mtu aliyeumizwa muda mrefu. "Lakini na wewe! Kila siku nasema kunanuka. Nasema kwa mtoto, unasikia, najua unasikia. Unakuja na povu lako, unapaka, unaondoka. Leo unaingia ndani ya harufu ile, harufu ya kumwamsha maiti, unatoa kiberiti! Nikasema basi, huyu mtu ananidharau mpaka yuko tayari kufa ili aonyeshe kwamba mimi ni mshamba."

Miezi yote ile mimi nilidhani anaichukia gesi kwa sababu ni mgeni nayo, na yeye alidhani namwona si kitu.

"Mayu," nilisema, "mimi sisikii harufu."

"Husikii vipi?"

"Pua yangu imekufa. Niliugua mafua makali machimboni, tangu hapo sinusi kitu. Hata sasa hivi hapa nilipo, sijui kama kunanuka au hakunuki. Binti yako ndiye anayeninusia kila kitu. Tulificha."

Akageuka. Aligeuka mzima mzima, kigoda na yeye, akanitazama kama anayetafuta mahali pua ilipovunjika.

"Hata mtindi wangu?"

"Hata mtindi wako, mayu. Nausikia uchachu ulimini tu."

"Hata mtoto?" Sauti yake ilishuka. "Mtoto mchanga ana harufu yake kichwani. Hiyo nayo huisikii?"

Nikatikisa kichwa. Hilo lilikuwa limenikaa moyoni tangu siku ya kwanza nilipompakata binti yangu, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, hata mke wangu. Mama mkwe alitoa sauti ndogo kooni, ile wanayoitoa akina mama wakipewa taarifa ya msiba. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaanza kunieleza.

"Inafanana na maziwa ya ng'ombe yakiwa bado yana joto," alisema, macho yake yakiwa juu ya majani ya kunde. "Lakini siyo maziwa hasa. Ni kama ardhi asubuhi ya mvua ya kwanza, kabla watu hawajaikanyaga. Na wa kwako ana kitu kingine, kama karanga zilizochemshwa. Mama yake naye alikuwa hivyo hivyo alipozaliwa. Nilipomshika huyu mara ya kwanza nikasema, huyu ni wetu."

Nilikaa juu ya ndoo ile nikilia, na sikuona haya. Yeye alinipa muda. Kila baada ya kitambo alinyanyuka, akasogea mlango wa jiko, akanusa, akarudi na taarifa: bado, imepungua, chini bado ipo kidogo, sasa imeisha. Alikuwa anatoa taarifa hizo kwangu mimi, moja kwa moja.

Mzee wa duka alifika mwenyewe akiwa nyuma ya bodaboda, na mpira mpya shingoni kama nyoka. Alimsalimia mama mkwe kwa Kisukuma cha vijijini kabisa, mpaka mama mkwe akasahau huzuni yake akacheka nyuma ya kanga. Kabla ya kugusa chochote aliuliza maswali yake. Nani alisikia harufu wa kwanza? Ilikuwa kali wakati gani? Jiko lilikuwa limesogezwa?

"Harufu inakuja akimaliza kupika na kufuta meza, kabla hajafunga mtungi," mama mkwe alijibu. "Akiwa anapika haipo."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. "Mama, umeshanimalizia kazi."

Tukautoa mtungi na jiko uani, mahali pa wazi. Akafungua koki kidogo, akapaka povu kwenye maungio. Kimya, kama nilivyokuwa nikiona mimi. Kisha akaukunja mpira katikati, pale ulipokuwa unabanwa na ukuta kila jiko liliporudishwa nyuma, akapaka povu kwenye kona hiyo. Povu likavimba, likapasuka, likavimba tena. Mpira ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ukinyooka unajifunga, ukikunjwa unafumbuka. Alifunga koki, akauondoa, akafunga mpya na kuubana vizuri, akapaka povu kila mahali, akaukunja, akapaka tena. Mwishoni akamwomba mama mkwe anuse, na mama mkwe akainama akanusa kila mahali kwa makini, mikono nyuma, kama daktari.

"Safi," alisema.

"Msilibananishe tena na ukuta," mzee alituambia. "Na mpira huu hauishi milele, uwe mnaukagua wote, siyo ncha peke yake."

Mke wangu alirudi wakati huo. Fikiria alichokiona: mama wa mapacha anafukuza watu barabarani, jiko liko uani, mzee wa duka anakunywa maji kwenye kata, na mume wake ameketi hatua chache kutoka kwa mama yake mzazi, wanaongea, wametazamana. Alimbana mtoto kifuani.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa," mama yake alisema. "Njoo hapa. Kwa nini hukuniambia mume wako hana pua?"

Mke wangu alinitazama, akamtazama mama yake, akakaa chini palepale mavumbini akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Alipoambiwa habari ya koki alijilaumu sana, na mama yake akamkatiza. "Mtoto alikuwa analia. Nani asiyesahau mtoto akilia? Mpira umebadilishwa, yameisha."

Lile la kunishika mkono, hata hivyo, halikuisha kirahisi kwake. Jioni hiyo alirudi kwenye kanga yake na ukuta wake, na nilihuzunika kuliko nilivyotegemea. Alipokwenda nyumbani kusalimia aliwapelekea wazee wa ukoo jambo hilo. Baba mkwe, ambaye ni mtu wa vichekesho, alinisimulia kwamba walimsikiliza mwanzo hadi mwisho, kisha mmoja akauliza, "Ulitaka tumzike ili mila ipone?" Wakaamua nipeleke kanga doti moja na mbuzi, naye anipe zawadi kwa mkono wake, na kuanzia hapo tuzungumze kama mama na mtoto. Nilipeleka mbuzi mkubwa kuliko ilivyosemwa. Yeye alinipa kuku. Alimtoa mikononi mwake akamweka mikononi mwangu, akaniambia, "Wabeja, mwanangu," yaani asante, na watu wa boma zima wakapiga vigelegele.

Binti yetu sasa anakimbia na kuvunja vikombe. Mwaka huu tulimpelekea bibi yake mtungi mdogo na jiko la plati moja, kwa sababu kuni kwao zimekuwa za kutafuta mbali na miguu yake imeanza kuchoka. Alilipokea kwa masharti. Alitaka lifungwe karibu na dirisha, mbali na kitanda, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa ila yeye.

Juzi simu iliita nikiwa chini ya mota huko huko Mwakitolyo. Hakumpigia binti yake, alinipigia mimi.

"Mwanangu, jiko langu linanuka."

"Uko wapi, mayu?"

"Niko kwenye zizi la ng'ombe. Nimefunga koki, nimeacha mlango wazi, nimetoka ndipo nikapiga. Unadhani mimi nani?"

"Linanuka nini? Kitunguu kilichooza?"

Akafikiri. Nilisikia ng'ombe wanahema karibu na simu. "Hapana. Ni kama kitu kinachoungua. Kama maharage."

"Ulikuwa unapika nini?"

Akaguna.

"Maharage," alisema.

Nikamwambia asubiri hewa itoke, kisha aangalie chini ya sufuria. Alikwenda, simu yake akaiacha juu ya nguzo ya zizi, akarudi akaniambia povu la maharage limemwagikia kwenye plati na kuungulia hapo. Akataka kujua atalisuguaje. Nikamwambia asubiri lipoe, atumie mchanga laini na sabuni, azibue matundu ya plati kwa mwiba. Kisha hakukata simu. Aliniuliza kama nimekula, kama mtoto amepona kikohozi, na kama mvua imeshanyesha Kahama, na mimi nikabaki nimelala chini ya mota ile nikijibu, wachimbaji wakinisubiri.